Spika Inayovuma Peke Yake: Kuifuata Kelele Hadi Mahali Inapoingilia

Mtu akiwasha sabufa yake sebuleni na kusikia mvumo mzito hata kabla muziki haujaanza, kwa kawaida huilaumu spika, na asipopata wa kumshauri huanza kuulizia bei ya nyingine. Mara nyingi anaionea. Spika ni koili ya waya iliyoning'inizwa katikati ya sumaku na kugandishwa kwenye koni ya karatasi au plastiki, na koni hiyo hutikisika kwa kadiri ya umeme unaoletwa kwenye koili. Ikiletewa umeme wa muziki tupu hutoa muziki. Ikiletewa umeme uliochanganyika na uchafu huutoa uchafu huo vilevile ulivyokuja. Ukiacha hitilafu chache za koni na koili nitakazozitaja mbele, kinachotakiwa kutafutwa ni mahali ambapo uchafu umeingilia, na mahali hapo panaweza kupatikana bila kufungua kifaa chochote.

Njia ya sauti katika nyumba ya kawaida haina viungo vingi. Kuna chanzo, yaani king'amuzi, televisheni, kompyuta au simu. Kuna waya wa kuunganisha, ambao kwa wengi ni ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe vya RCA. Kuna hatua ya kwanza ya amplifaya inayoipokea ishara. Kuna kizungushio cha kuongeza na kupunguza sauti. Kuna hatua ya mwisho yenye nguvu ya kuisukuma spika. Na pembeni kuna transfoma, dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) zinazolisha umeme hatua hizo zote. Kizungushio cha sauti kimekaa katikati ya njia hiyo, kwa hiyo ndicho kipimo cha kwanza. Kelele ikiisha unapokipunguza hadi mwisho, basi inaingilia kabla yake: kwenye chanzo, kwenye waya, au kwenye hatua ya kwanza. Kelele ikibaki palepale hata sauti ikiwa imezimwa kabisa, basi inatoka baada yake, na hapo usipoteze fedha kwa kununua nyaya mpya za RCA, kwa sababu hazihusiki.

Kipimo cha pili ni kuchomoa. Zima amplifaya kwanza, kwa kuwa kichwa cha RCA kimeundwa hivi kwamba ncha ya kati hugusa kabla ya ukingo wa nje, na sekunde hiyo moja ya ncha kugusa peke yake hutoa kishindo kinachoweza kuiunguza spika. Chomoa nyaya zote za kuingilia, washa tena, usikilize. Ukipata utulivu, rudisha chanzo kimoja kimoja, ukizima na kuwasha kila mara, hadi kelele irudi. Aliyerudi nayo ndiye wa kuhojiwa. Kelele ikiwa upande mmoja tu, badilishana vichwa viwili upande wa chanzo, chekundu mahali pa cheupe. Ikihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye chanzo chenyewe; ikibaki palepale, liko kwenye waya au kwenye amplifaya, na kubadilishana tena upande wa amplifaya kutatenganisha hayo mawili. Fundi mwenye uzoefu hufanya haya bila kufikiri, na ajabu ni kwamba watu wengi humlipa ayafanye ilhali yeye mwenyewe hakuhitaji hata bisibisi.

Baada ya kujua upande ambao kelele inatoka, isikilize tabia yake. Umeme wa gridi nchini Kenya, Tanzania na Uganda hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wenye masafa hayo ni mzito na wa chini kiasi kwamba spika ndogo huutoa kwa shida. Unaousikia zaidi ni milio ya juu inayoandamana nao, ya mizunguko 100, 150 na kuendelea. Umeme huohuo ukipita kwenye daraja la dayodi ndani ya amplifaya ili kugeuzwa kuwa wa mwelekeo mmoja, kila nusu ya wimbi hugeuka kuwa mlima wake, hivyo mizunguko 50 huzaa milima 100 kwa sekunde, ambayo kapasita kubwa zinatakiwa kuisawazisha. Kwa hiyo mvumo ulioegemea 50 huashiria umeme wa gridi unaoingia kupitia nyaya au ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), na mvumo ulioegemea 100, wenye ukali kidogo, huashiria mara nyingi kapasita zilizochoka. Kwa jamaa walioko Marekani na Kanada namba hizo ni 60 na 120. Programu ya simu inayochora masafa ya sauti inatosha kuonyesha tofauti hiyo, hata kama sikio halijazoea.

Chanzo cha mvumo wa 50 kinachosumbua nyumba nyingi zaidi, na ambacho hueleweka vibaya kuliko vingine, ni kitanzi cha ethi. Chukua kompyuta ya mezani yenye plagi ya pini tatu na amplifaya yenye plagi ya pini tatu, kila moja ikiwa kwenye soketi ya ukuta wake. Kila kimoja kimefungwa kwenye ethi ya nyumba kupitia waya wa plagi yake. Sasa ukiviunganisha kwa waya wa RCA, ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa kati unaunganisha ethi hizo mbili kwa mara ya pili, na kitanzi kinakamilika: kutoka kompyuta hadi ukutani, kupitia nyaya za nyumba hadi soketi ya pili, kuingia amplifaya, na kurudi kwenye kompyuta kupitia wavu. Ethi za soketi mbili haziwi sawa kabisa, kwa sababu mikondo midogo inayovuja kutoka kwenye friji, pasi na vifaa vingine hupita humo, na tofauti hiyo ndogo husukuma mkondo uzunguke kwenye kitanzi. Vilevile kitanzi kikubwa kilichotandazwa kati ya nyaya za umeme hudaka sumaku yao.

Ubaya wake ni kwamba wavu huo una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuikinga ishara na kuwa njia yake ya kurudia. Tuseme mkondo wa ampea 0.1 unapita kwenye wavu wenye ukinzani wa omu 0.1. Volti 0.01, yaani milivolti 10, zitajitokeza kati ya ncha zake, na amplifaya haina namna ya kuzitofautisha na muziki. Ishara ya kawaida ya vifaa vya nyumbani ni kama volti 0.3, hivyo mvumo utakuwa takriban sehemu moja ya thelathini ya muziki, nao utasikika wazi kila wimbo unapotulia. Kwa mwenye mashine ya santuri hali ni mbaya zaidi, maana sindano yake hutoa milivolti chache tu, na saketi yake ya kukuza imewekwa makusudi iongeze besi, ambako ndiko mvumo uliko. Ndiyo maana mashine hizo huwa na waya mwembamba wa ziada wa kufungwa kwenye mwili wa amplifaya, na ukisahaulika hakuna kinachosikika ila mvumo.

Kitanzi kinaweza pia kupita mahali ambapo watu hawapafikirii: waya wa antena. Wavu wa nje wa waya huo umegusana na mlingoti juu ya paa, au, kwa huduma ya kebo, na ethi ya kampuni mitaa kadhaa mbali, kisha unaingia kwenye televisheni, na kutoka hapo kupitia RCA unafika kwenye sabufa. Kipimo chake ni chepesi: chomoa waya wa antena nyuma ya televisheni au king'amuzi huku sauti ikiwa imeongezwa. Mvumo ukikatika papo hapo, umempata. Kwa antena ya kawaida isiyo na kikuzaji juu, kuna kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya huo, ambacho hupitisha mawimbi ya televisheni lakini hukata mvumo. Kwa dishi kifaa hicho hakifai, kwa sababu king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 juu ya waya huohuo ili kukilisha kichwa cha dishi, na kitenganishi kitazikata, picha ipotee. Hapo utenganisho ufanyike upande wa sauti.

Dawa za kitanzi ni kadhaa na zinatofautiana kwa gharama. Ya bure ni kulisha vifaa vyote vya sauti kutoka soketi moja ya ukuta kupitia ekstensheni moja nzuri, maana hapo ethi zote hukutana karibu na tofauti kati yao hupungua. Sabufa, televisheni na king'amuzi havili umeme mwingi, ila usiongeze pasi au birika la umeme kwenye ekstensheni hiyohiyo. Ya pili ni kuukata muunganiko wa shaba kabisa. Televisheni nyingi zina tundu la sauti ya mwanga, ambapo sauti husafiri ndani ya uzi wa plastiki, teknolojia iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983. Mwanga haubebi mkondo, hivyo kitanzi hakipo. Amplifaya isiyo na tundu hilo inaweza kuongezewa kigeuzi kidogo, na Bluetooth pia hukata kitanzi kwa njia hiyohiyo. Ya tatu ni kisanduku chenye transfoma ndogo mbili za sauti kinachowekwa katikati ya waya wa RCA: muziki huvuka kwa sumaku na shaba haigusani. Vya bei ya chini kabisa hupunguza besi kidogo, jambo ambalo mwenye sabufa ataligundua mapema.

Kuna dawa nyingine ambayo huenezwa sana na ambayo haifai kabisa, nayo ni kukata pini au waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Ni kweli mvumo unaweza kuisha, kwa kuwa kitanzi kimekatika. Lakini ethi iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo waya wenye moto utagusa bodi ya chuma ndani ya kifaa. Siku hiyo, kukiwa na ethi, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini na sakiti breka huanguka. Bila ethi bodi hubaki na volti 230 au 240 ikimsubiri mtu aiguse, au mkondo hupita kwenye ule wavu mwembamba wa RCA na kuiteketeza televisheni pamoja nayo. Mvumo usikufanye uchague hilo.

Lakini nyumba nyingi zina shida iliyo kinyume: ethi haipo kabisa, au ipo kwenye soketi na fito lake ardhini limeliwa na kutu, au vifaa vyote vina plagi za pini mbili. Soketi zetu za matundu matatu hufunguliwa na pini ya ethi inayosukuma kifuniko cha ndani, na ndiyo sababu ya ule mtindo wa kuchokoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu ili pini mbili ziingie, mtindo ambao sitamshauri mtu yeyote kuuendeleza wakati adapta zinauzwa dukani. Katika hali hii kila kifaa huelea. Chaja na vifaa vya kisasa vina kapasita ndogo kati ya upande wa gridi na upande wa matumizi, zilizowekwa kisheria ili kuzuia kelele za redio, nazo huvujisha mkondo mdogo unaofanya ukingo wa kompyuta ya mapajani uchome kidogo vidoleni. Mkondo huo hutafuta njia kupitia RCA. Dalili zake ni mbili: mvumo hubadilika unapogusa chuma cha kifaa, na hutoweka unapochomoa chaja na kuiacha kompyuta itumie betri. Jaribu chaja nyingine, au pindua plagi ya pini mbili pale inapokubali kupinduliwa, kisha uwaze kuhusu kumwita fundi umeme mwenye leseni akapime ethi ya nyumba. Gharama hiyo ina faida zaidi ya muziki.

Mlio mkali kama wa nyuki, unaoanza saa za jioni na kuisha usiku wa manane, mara nyingi hautokani na mfumo wa sauti hata kidogo. Washtakiwa wa kawaida ni rigileta ya feni ya dari, swichi ya kufifisha taa, na balbu za LED za bei ya chini. Rigileta za kielektroniki hupunguza mwendo wa feni kwa kukata kila nusu ya wimbi la umeme katikati, na kila mkato hutupa mshtuko wa masafa mengi kwenye nyaya za nyumba, mara 100 kwa sekunde. Weka feni kwenye kasi ya mwisho kabisa na usikilize; mlio ukipungua, umepata jibu. Vivyo hivyo kwa inveta za sola: zile zinazotoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini huifanya amplifaya ivume, na wakati mwingine transfoma yake hunguruma kwa mwili bila hata spika kuhusika. Mtu anayepanga kununua inveta kwa ajili ya sebule yenye muziki asikubali wimbi la ngazi. Mlio wa "tak" mmoja kila baada ya muda ni friji inapojiwasha, na hauna madhara.

Ule mlio wa "tii-tititi-tititi" unaotangulia simu kuita kwa sekunde moja au mbili unajulikana na kila aliyewahi kuweka simu ya kitochi juu ya redio. Simu ya mtandao wa 2G haitumi mawimbi mfululizo. Hugawiwa nafasi moja kati ya nane, na hutuma kwa nguvu ya hadi wati 2 kisha hunyamaza, mara 217 kila sekunde. Waya wa sauti ulio karibu hugeuka antena, transista ya kwanza kwenye amplifaya huyageuza mapigo hayo kuwa umeme wa sauti, na mapigo 217 kwa sekunde yamo ndani ya uwezo wa sikio. Simu zinapotumia 3G na 4G mlio huo hupungua sana au kutosikika, lakini maadamu mamilioni ya simu za batani bado ziko mifukoni na simu janja nazo hurudi 2G panapokosa mtandao, hautaisha karibuni. Kuisogeza simu mita moja kunatosha.

Jamaa wa karibu wa tatizo hilo ni spika inayotoa matangazo ya redio wakati redio imezimwa. Huwapata wakaao karibu na minara ya kurushia matangazo, na hasa wenye nyaya ndefu za spika zilizotandazwa kuzunguka chumba, kwa sababu waya mrefu hudaka mawimbi na kuyarudisha ndani ya amplifaya kwa mlango wa nyuma. Fupisha nyaya, sokota pamoja jozi za nyaya za spika, na uzipitishe mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti (kauri yenye chuma) karibu na amplifaya. Nyaya za sauti zisilazwe sambamba na za umeme. Zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Waya wa bei ghali hauongezi kitu hapa iwapo wavu wa waya wa kawaida umefumwa vizuri.

Mlio wa "shshsh" usiobadilika ni jambo jingine. John B. Johnson na Harry Nyquist wa Maabara ya Bell walieleza mwaka 1928 kwamba kila kikinzani, kwa sababu tu kina joto, hutoa kelele ndogo ya umeme isiyoweza kuondolewa. Kila amplifaya inayo. Ukiisikia kwa kuweka sikio kwenye twita tu, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, iache. Ukiisikia kutoka kwenye kochi, yamkini chanzo kimepunguzwa sauti sana na amplifaya imeongezwa sana kufidia. Fanya kinyume, ongeza simu au kompyuta hadi karibu na mwisho, kisha upunguze amplifaya.

Mikwaruzo hufuata mkono. Ikisikika unapozungusha kizungushio cha sauti, ndani yake mna vumbi au kutu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, kizungushio kikizungushwa mara nyingi huku kifaa kimechomolewa, huimaliza. Petroli, ambayo bado hutumiwa vichochoroni, hushika moto na kula plastiki. Mombasa, Tanga, Unguja na popote penye upepo wa chumvi, vichwa vya RCA na ncha za nyaya za spika hupata ukungu wa kijani mapema, na kuvikwangua na kuvikaza upya huondoa matatizo ambayo watu huyapeleka kwa fundi.

Na hapa spika yenyewe hupandishwa kizimbani. Toa kifuniko, uisukume koni polepole kwa vidole vilivyosambazwa sawasawa. Ukihisi inakwaruza, koili imepinda au inasugua sumaku. Angalia sponji ya pembeni, ambayo baada ya miaka katika joto na unyevu huchanika na kumegeka, na koni hupiga kelele kila besi inapopita; sponji inaweza kubadilishwa pekee. Spika inayolia vizuri kwa sauti ya chini na kupasua kwa sauti ya juu huenda haina ubaya, bali amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake na inayakata mawimbi vilele. Kabla ya yote hayo, shika vioo vya kabati la vyombo wakati besi inapigwa, maana mara nyingine kinachotetemeka ni glasi za wageni.

Ukishachomoa kila kitu, ukapunguza sauti hadi mwisho, ukazima feni na taa, na mvumo wa 100 ukabaki palepale, hapo kifaa kinastahili kwenda kwa fundi. Kapasita zake za kusawazisha umeme huenda zimekauka. Umri wake hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na sabufa iliyobanwa chini ya king'amuzi katika kabati lisilopitisha hewa hupika zake haraka. Usiifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita hizo hushikilia umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mwambie fundi kwamba mvumo upo bila chanzo chochote kuunganishwa, kwamba haufuati kizungushio, na kama uko pande zote au upande mmoja. Mtake aweke kapasita zenye volti sawa na za zamani au zaidi, zenye alama ya nyuzi 105 badala ya 85, na akurudishie zile alizozitoa.